Begi la Kamera kwa Mpanda Milima na Msafiri: Tuliyojifunza Njiani Kwenda Mtae

Kamera ya jumuiya yetu ilinunuliwa kwa michango. Kila mmoja alitoa alichojaaliwa, na mama mmoja muuza maandazi alifungua ncha ya kanga yake akatoa sarafu, akazihesabu moja moja mbele ya meza ya mhasibu. Tangu siku hiyo kamera hiyo imepiga picha za mahafali ya madrasa, za ndoa za vijana wetu, na za wazee ambao leo hatunao. Sisi, kwa wadhifa wa ukatibu wa kamati ya msikiti, ndio tuliokabidhiwa kuitunza. Ni amana, na tuliipokea kwa mikono miwili.

Mwaka juzi amana hiyo iliharibika mikononi mwetu. Haikuanguka wala haikuibiwa. Iliharibiwa na begi tulilolichagua wenyewe, kwa haraka, usiku wa kuamkia safari. Kwa kuwa familia nyingi siku hizi hutoka likizo kupanda milima au kuzuru ndugu wa mbali, na karibu kila nyumba ina kijana anayejifunza kupiga picha, tumeona ni haki kuyaandika yaliyotupata pamoja na yale tuliyojifunza baadaye, ili msomaji asilipe ada tuliyoilipa sisi.

Safari yenyewe

Ilikuwa likizo ya Desemba, mvua za vuli zikiwa bado hazijakata. Vijana 12 wa madrasa yetu, pamoja na walimu na baadhi ya wazazi, tulishuka Mombo, tukapanda gari la kupita kona za Soni hadi Lushoto. Kutoka hapo tulianza mwendo wa miguu wa siku 3 kupitia msitu wa Magamba kuelekea Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa Usambara Magharibi, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na jicho linatua chini kabisa, kwenye nyanda za Mkomazi.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu, mzaliwa wa Mtae, alitangulia kwa gari. Alikuwa hajakanyaga kwao kwa zaidi ya miaka 20, na dada yake mkubwa alikuwa hai akimngoja. Alituomba jambo moja tu: tuwahi kufika, tumpigie picha wakati wa kuonana na dada yake.

Kamera tuliitia katika begi la shule. Lilikuwa begi zuri la kubebea madaftari: mikanda miwili myembamba ya mabegani, zipu moja juu, na sponji kidogo mgongoni. Kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza kijana aliyelibeba alikwisha lalamika mabega, tukawa tunapokezana. Ndani ya msitu wa Magamba mvua ilitunyeshea kwa saa nzima. Maji yaliingia kupitia zipu, yakaingia pia kupitia mishono ya chini kila tulipolitua begi kwenye majani mabichi. Jioni tuliikuta kamera ina majimaji, tukaipangusa kwa kanga na kumshukuru Mungu kwamba bado inawaka.

Hofu ikatuingia. Siku iliyofuata tuliifunga kamera kwa kitenge, juu ya kitenge tukazungushia kipande cha turubai, juu ya turubai tukapiga kamba na mafundo, kisha tukaiweka chini kabisa ya begi. Mvua isingeipata tena. Hatukujua kwamba na sisi hatutaipata.

Tulifika Mtae siku ya tatu, dakika chache kabla ya gari la mzee. Aliposhuka, mlango wa nyumba ya udongo ulifunguka na bibi mmoja akatoka na mkongojo wake. Mzee alimkimbilia, kama mzee anavyoweza kukimbia. Sisi tulikuwa tumepiga magoti kwenye vumbi, tunafungua mafundo. Kamera ilipotoka, wawili hao walikwisha kuketi kibarazani na kufuta machozi. Picha tuliyonayo inaonyesha wazee wawili waliokaa sawasawa, wakiitazama kamera kwa adabu.

Bibi yule alifariki miezi saba baadaye, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mzee hajatulaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalotuuma.

Msiba wa pili ulikuja kimyakimya. Tuliporudi Dar es Salaam tuliiweka kamera kabatini ikiwa ndani ya begi lilelile, sponji yake ikiwa na unyevu wa Magamba. Baada ya miezi mitatu tulipotaka kuitumia kwenye mahafali, tuliona ndani ya lenzi ndefu nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui. Fundi aliiangalia kwenye mwanga, akatueleza kwamba ni kuvu, kwamba imeanza kula mipako ya kioo, na kwamba hata ikisafishwa alama zitabaki.

Katika kikao cha kamati tulisema kosa ni letu. Wajumbe waliafiki kwamba lenzi nyingine itafutwe, lakini walitoa sharti: kabla ya senti moja kutoka, katibu alete begi linalofaa na aeleze kwa nini linafaa. Yafuatayo ndiyo tuliyoyapata kwa kuuliza wapigapicha, waongozaji wa milimani na mafundi, na kwa kujaribu wenyewe.

Pima mzigo kwanza

Wengi huingia dukani na kuuliza begi zuri ni lipi. Swali la kwanza ni jingine: utabeba nini, na kwa muda gani? Chukua mizani ya jikoni, weka kila kifaa, andika uzito wake.

Tutoe mfano wa kamera ya kawaida kwa wanaoanza, Canon EOS 2000D. Mwili wake pamoja na betri una takriban gramu 475. Lenzi yake ndogo ya 18–55 ina kama gramu 200, na lenzi ndefu ya 55–250 ina gramu 375 hivi. Jumla ni kilo 1 na ushei. Mzigo huo ni mwepesi, nao unatosha kwa mandhari, kwa watu, na hata kwa mbega wa Magamba walio juu ya miti. Mwenye vifaa vya kazi ana hesabu nyingine. Nikon D850 peke yake inazidi kilo 1, na lenzi kubwa ya 70–200 yenye tundu la f/2.8 hufika takriban kilo 1 na nusu. Akiongeza lenzi ya pili na stendi ya miguu mitatu, kilo 5 hazitoshi.

Sasa weka mahitaji ya mwili. Lita 2 za maji ni kilo 2. Koti la mvua, sweta, chakula, tochi, dawa, mswala mwepesi na kopo la udhu havitakosa kilo 2 nyingine. Usisahau kwamba begi lenyewe lina uzito. Yapo mabegi ya kamera ya lita 40 na zaidi ambayo yakiwa matupu hukaribia au kuzidi kilo 2, kwa sababu ya sponji, fremu na mifuko mingi. Aliyekuwa na kamera ya kilo 1 akanunua begi la kilo 2 amejitwisha gunia ili abebe kikapu.

Kanuni ya makadirio inayotumiwa na watembeaji ni kwamba mzigo wa safari ya siku moja usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili, na wa safari ya kulala njiani usizidi sehemu moja ya tano. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kilo 6 na kilo 12. Kijana wa miaka 14 anayebebeshwa begi la baba yake anavushwa mpaka huo bila yeyote kufanya hesabu.

Kwa ukubwa, lita 20 hadi 30 zinatosha kwa kutembea mchana na kurudi. Lita 40 hadi 60 ni za anayelala njiani na kubeba nguo na chakula chake. Ukubwa kupita haja ni mtihani wake mwenyewe: nafasi tupu huita vitu, nasi ni wepesi wa kuitikia wito huo.

Begi hupimwa kwa mgongo

Begi la mlimani hupimwa kwa urefu wa mgongo, na urefu wa mgongo haufuati kimo cha mtu. Inamisha kichwa, papasa nyuma ya shingo mpaka upate mfupa ulioinuka kuliko mingine. Hapo ndipo kipimo kinapoanzia. Kisha weka mikono kiunoni, vidole gumba vikielekea nyuma juu ya mifupa ya nyonga. Pale mstari wa vidole gumba unapokatiza uti wa mgongo ndipo kipimo kinapoishia. Mwenzako akupimie kwa utepe wa fundi cherehani, kisha linganisha na kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Mabegi mengi ya mlimani huwa na saizi ndogo, ya kati na kubwa, na mengine mikanda yake hupandishwa na kushushwa.

Kitu kinachotofautisha begi la mlimani na begi la shule ni mkanda wa nyonga. Mkanda huo ukiwa mpana, wenye sponji ngumu, na ukikaa juu ya mfupa wa nyonga, hubeba sehemu kubwa ya mzigo, na mabega hubaki na kazi ya kulizuia begi lisiyumbe. Mkanda mwembamba wa utepe unaofungwa tumboni haufanyi kazi hiyo, hata muuzaji aapeje.

Kuna utaratibu wa kulivaa. Legeza mikanda yote. Vaa begi likiwa na mzigo. Funga mkanda wa nyonga kwanza, uukaze. Kisha vuta mikanda ya mabega mpaka ikumbatie bega bila kulikandamiza. Kisha kaza mikanda midogo iliyo juu ya mabega, inayolivuta begi lisiegemee nyuma. Mwisho, funga mkanda wa kifuani. Sisi tulikuwa tukianza na mabega, na kwa sababu hiyo mabega ndiyo yaliyoumia.

Kwa akina mama na mabinti, liko la kuongeza. Mikanda ya mabega iliyonyooka husukuma kifua na kuteleza nje ya bega dogo, na ndiyo sababu kampuni kadhaa hutengeneza mabegi yenye mikanda iliyopinda na mkanda wa nyonga wenye umbo tofauti. Anayevaa mtandio mrefu au jilbabu alijaribu begi akiwa na vazi hilohilo atakalopandia. Binti mmoja katika msafara wetu mtandio wake ulinaswa mara mbili kwenye bizimu la kifuani. Tulipouingiza mtandio chini ya mikanda na kulivaa begi upya, tatizo likaisha.

Mlango wa begi

Baada ya mgongo, tazama mlango. Hapa ndipo tuliponyang'anywa picha ya Mtae.

Mabegi yanayofunguliwa juu tu hulazimisha kutoa kila kitu ili ufikie kilicho chini. Yanayofunguliwa mbele huonyesha vifaa vyote kwa mara moja, ila ukiyalaza chini ili uyafungue, upande unaogusa tope ni ule utakaokaa mgongoni mwako. Yanayofunguliwa upande wa mgongo yana faida mbili: ukiyalaza, mikanda hubaki juu na kuwa misafi, na mwizi aliye nyuma yako sokoni hawezi kuifikia zipu. Baadhi unaweza kuyazungusha mbele huku mkanda wa nyonga ukiwa bado umefungwa, ukayafungua bila kuyatua chini. Yanayofunguliwa ubavuni huruhusu kulitelezesha begi kwenye bega moja na kuitoa kamera kwa mkono mmoja.

Anayepiga mandhari, ambaye mlima humngoja, mlango wa mgongoni unamtosha. Anayepiga watu, ndege na watoto anahitaji pia njia ya haraka: mlango wa ubavuni, au mfuko mdogo wa kifuani, au kishikio cha chuma kinachofungwa kwenye mkanda wa bega na kuishika kamera nje ya begi. Kipimo chetu sasa ni hiki: tangu kuamua kupiga picha hadi kubonyeza, zisipite sekunde 15. Jaribu dukani ukihesabu kwa sauti. Muuzaji atacheka, nawe utajua.

Mvua, unyevu na kuvu

Neno linalowadanganya wengi ni lile la begi "lisilopitisha maji." Kitambaa cha nailoni au poliesta chenye mpako ndani huzuia maji kwa kiasi chake, lakini begi halishonwi kwa kitambaa pekee. Lina zipu, lina mishono, na maji hupita humo. Isitoshe, mpako huo huzeeka. Begi lililokaa miaka mingi ghalani mpako wake huanza kunata na kubanduka kama ngozi, na hapo kinga yake imekwisha. Anayenunua mtumba apekue ndani, apapase, anuse.

Kifuniko cha mvua kinachokuja na begi ni msaada wa kweli, ila kinafunika mbele na pembeni tu. Mgongo wa begi uko wazi, na maji yanayotiririka kutoka kwenye kofia yako hushuka humo. Upepo wa mlimani nao hukipeperusha kisipofungwa. Kwa hiyo tumejiwekea kinga mbili: kifuniko nje, na ndani mfuko mwepesi wa kuzuia maji, ule unaokunjwa mdomo mara tatu na kubanwa kwa bizimu. Kamera inaingia humo mvua ikizidi. Kuufungua ni kazi ya sekunde, hakuna fundo.

Unyevu ni adui mwingine, na huyu haonekani. Kuvu hupenda joto, giza na hewa yenye unyevu mwingi, na wakazi wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara na Unguja hadi Lamu, hatuna haja ya kuelezwa hali hiyo. Begi la kamera ni nyumba ya safari. Ukirudi, kamera ihame. Toa kila kitu, fungua zipu zote, anika begi kivulini penye upepo mpaka sponji ikauke kabisa. Kamera na lenzi ziwekwe katika chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, kama kile cha jikoni, pamoja na vipakiti vya silika jeli. Vipakiti hivyo hushiba, hivyo vibadilishwe au vikaushwe. Na lenzi zitolewe nje mara kwa mara zitumike, kwa kuwa mwanga na hewa haviipi kuvu raha.

Lipo na suala la ubaridi. Ukishuka kutoka Lushoto asubuhi ya baridi hadi kwenye joto la Tanga, au ukitoka kwenye basi lenye kiyoyozi, kamera baridi ikikutana na hewa ya moto yenye unyevu hutoa jasho, kama chupa ya maji iliyotoka kwenye friji. Jasho hilo huingia hata ndani. Dawa yake ni subira: iache kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto polepole, ndipo uitoe.

Si lazima begi liwe la kamera

Mabegi yaliyotengenezwa mahsusi kwa wapigapicha wa milimani yana historia nzuri. Greg Lowe, mpanda milima wa Marekani aliyeanza kutengeneza mashanta yake mwaka 1967, ndiye aliyekuja kuasisi chapa ya Lowepro, na baadaye zikaja nyingine kama F-Stop na Shimoda. Ni mazuri, na bei yake inaweza kulingana na ya kamera ya mwanafunzi.

Kwa familia nyingi iko njia ya pili, nayo ndiyo tuliyoifuata. Nunua shanta zuri la kawaida la mlimani, lenye mkanda wa nyonga na fremu, kisha ndani yake weka kisanduku cha sponji chenye vyumba vya kamera na lenzi. Safari ikiisha, kisanduku kinatolewa na shanta linatumika kwa mengine. Mashanta ya namna hiyo hupatikana kwenye mitumba. Moshi, mji wa wapanda Kilimanjaro, soko la Memorial linajulikana kwa vifaa hivyo, na Dar es Salaam mwenye subira akienda Karume mapema atapata. Kagua mambo manne: mishono ya mikanda ya mabega inapoungana na begi, zipu kuanzia mwanzo hadi mwisho, mabizimu yote kama yanabana, na fremu kama haijapinda.

Kisanduku sisi tulishonewa na fundi cherehani wa mtaani. Alitaka kutumia sponji ya godoro, tukamkatalia, kwa sababu sponji hiyo hufyonza maji na kuyahifadhi, na ndiyo iliyotuponza. Tulitumia ile nyepesi ngumu iliyo jamii moja na ya kandambili, au ya mikeka ya mazoezi, ambayo hainywi maji. Ndani tukaweka kitambaa laini kisichokwaruza kioo. Kila chumba kilipimwa na kifaa chenyewe kikiwa mezani, ili lenzi isicheze wala isibanwe. Kifuniko chake kinaelekea upande, si juu, kwa kuwa shanta tulilopata lina zipu ndefu ya ubavuni.

Katika kupanga, kizito kikae karibu na mgongo, usawa wa katikati. Chupa ya maji ikae nje, mfukoni mwake. Sambusa na mafuta yake zisilale chumba kimoja na lenzi.

Basini na uwanja wa ndege

Begi la kamera haliendi kwenye buti la basi, hata konda akisisitiza. Kule hulaliwa na magunia na mabati. Likae mapajani au kati ya miguu, mkanda mmoja ukiwa umezungushwa mguuni. Kwenye bodaboda livae mgongoni na ufunge mkanda wa nyonga na wa kifuani. Begi lisilo na maandishi makubwa ya chapa ya kamera ni bora, kwa sababu halimtangazii mpita njia kilichomo.

Kwa wanaosafiri kwa ndege, kwenda Umra au kuzuru jamaa Muscat na Dubai, mashirika mengi huruhusu mzigo wa mkononi wa kilo 7 katika daraja la kawaida, na vipimo vyake hutofautiana, hivyo soma tiketi yako. Begi zito likiwa tupu hapa hukugharimu. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo unaokabidhiwa. Zibebwe mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa.

Na anayepanda Kilimanjaro, mita 5,895, akumbuke kwamba mpagazi huwa mbele au nyuma kwa saa nyingi. Mpagazi abebe nguo na mfuko wa kulalia, kwa kiwango kisichozidi kilo 20 kilichowekwa kumlinda. Kamera uibebe mwenyewe, na betri za akiba ziwe mfuko wa ndani ya koti, karibu na mwili, kwa kuwa baridi huzimaliza haraka.

Jaribu kabla ya mlima

Dukani, omba ruhusa ya kulijaza begi. Sisi tulikwenda na pakiti za sukari za kilo moja moja, tukaweka sita, tukapanda na kushuka ngazi za ghorofa kwa dakika 20. Mabegi mawili tuliyoyapenda kwa macho tuliyarudisha kwa sababu ya maumivu.

Nyumbani, fanya mtihani wa maji. Jaza begi magazeti makavu, lifunge na kifuniko chake, livishwe mtu aliyekubali kulowa, kisha mmwagilie kwa kopo lenye matundu kwa dakika 10. Toa magazeti uone yamelowa wapi. Watoto wa nyumba yetu waliona huo ni mchezo, lakini ndio uliotufunulia mshono wa chini uliokuwa ukivuja, nao ukashonwa upya na kupakwa gundi ya mahema kabla haujatugharimu.

Kisha tembea nalo mtaani juma zima. Begi jipya halipandishwi mlimani siku ya kwanza, kama viatu vipya.

Kamati iliridhia shanta letu la mtumba la lita 35 na kisanduku cha fundi. Pamoja nalo tuliandika daftari dogo: anayeazima kamera hutia saini, na anayeirudisha huionyesha mbele ya wawili, begi likiwa limefunguliwa na limekauka. Lenzi nyingine ilipatikana baadaye, na sehemu ya gharama tuliilipa wenyewe.

Desemba iliyopita tulikwenda tena Mtae. Mvua ilitukuta Magamba palepale, tukafunika, tukaendelea. Tulipofika, mzee alikuwa ametangulia kama mwaka ule. Alishuka garini, akatembea polepole hadi kwenye kibaraza cha dada yake, akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akaweka kiganja chake juu ya mbao.

Kamera ilikuwa mkononi. Tulipiga moja tu, tukairudisha begini, tukamwacha asome dua yake.